Vioo vya plastiki vya ndege ndogo vinaoshwa na nini? Niko Mufindi, msaada wakuu

Kijana wa Mufindi:

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mi niko kwenye kiwanja kimoja kidogo cha ndege huku Mufindi, njia ya udongo tu imepita kati ya chai na miti, kazi yangu kufukuza ng'ombe kabla ndege haijatua, kuangalia kile kifuko cha upepo kama hakijachanika, na ndege ikilala na mi nalala nayo. Sasa kuna Cessna 206 inakuja mara kwa mara, rubani wake kaniambia kuanzia sasa niwe naiosha, kuna kitu kidogo atakuwa ananiachia, nimekubali fasta.

Mwili wa ndege haunipi shida, nimeosha sana Noah na Hiace za watu pale Mafinga. Kinachonitisha ni vioo. Rubani kasema "dogo hiyo sio kioo ni plastiki, kuwa makini" afu huyo kapanda gari kaenda zake, makini vipi sasa hakusema. Na hali yenyewe ndo hii: kiangazi hiki vumbi letu jekundu limeganda kote, kioo cha mbele kimejaa wadudu waliopasukia pale na wamekauka na vibawa vyao, na upande wa mlango kuna mafuta mafuta.

Huku kila mtu ana lake. Mmoja kanipa ile dawa ya bluu ya kupuliza ya vioo vya gari, nimeinusa inapanda mpaka kichwani. Dereva wa trekta anasema petroli kidogo kwenye tambara wadudu wanatoka wenyewe. Mama ntilie wetu anasema gazeti lililoloweshwa, na kweli vioo vya kibandani kwake vinang'aa. Sijagusa kitu bado, nimewaambia ngojeni kwanza niulize.

Afu jingine, jua likiwa linazama ukisimama kwa pembeni unaona kwenye kingo za kioo cha mbele na karibu na skrubu kuna vijistari vingi vyembamba sana vinametameta, ila ukipitisha kucha husikii kitu. Huo ni uchafu au nini? Isije nikaosha kesho afu keshokutwa naambiwa nimepasua mimi.

Mnyalukolo Halisi:

Kamwene. Mi ndege naionaga ikipita juu nikiwa shamba tu, ila nimeweka kigoda hapa nasubiri wataalamu. Lakini petroli kwenye ndege ya watu, dogo, hapana aisee.

Bajaji wa Mafiat:

Dogo usijisumbue, dawa ya meno. Sisi taa za gari zikishakuwa za njano tunapiga msasa laini wa maji afu tunamalizia na dawa ya meno kwenye flana, inarudi mpya kabisa, na taa nazo ni plastiki hizo hizo. Wadudu nao watatoka humo humo, unafanya kazi mbili kwa mpigo. Karibu Mafiat nikuoneshe bure.

Fundi wa Hanga:

Bajaji tafadhali kaa pembeni kidogo mzee baba, utamponza mtoto wa watu.

Mdogo wangu umefanya la maana kuuliza kabla ya kugusa. Mi ni fundi wa ndege mwenye leseni, niko Mbeya, na vioo vilivyoharibiwa na usafi nimeviona vingi kuliko vilivyoharibiwa na kuruka. Hicho cha 206 ni akriliki, ndo hiyo watu wanaiita Perspex au Plexiglas. Ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa kioo cha kawaida kwa kipande cha ukubwa ule ule, inapindika kufuata umbo la ndege na mwanga unapita safi kabisa, lakini ni laini. Vumbi lenu hilo lina chembe za mchanga ndani yake, na mchanga unakwaruza hata kioo chenyewe sembuse plastiki. Kwahiyo adui wa kwanza sio mdudu wala mafuta, ni tambara kavu juu ya vumbi. Ukipita mara moja tu umeshachora.

Kwahiyo cha kwanza ni maji, na yawe mengi. Sio kitambaa kilicholowa, ni maji yanayotiririka, ndoo na kopo au mpira wa maji wenye presha ndogo, unamwagia kuanzia juu yanashuka na vumbi lake, unarudia mpaka yanayodondoka chini hayana wekundu. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari usiilete karibu na vioo, inapenyeza maji kwenye mpira wa pembeni. Vumbi likishaondoka chukua maji mengine safi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo matone machache, ndoo iwe ya vioo tu, sio ile uliyooshea matairi. Hapo vua pete, vua saa, kunja mikono ya shati vifungo visiguse, na pitisha kiganja chako mwenyewe, mkono mtupu kabisa. Kiganja kina faida moja ambayo kitambaa hakina, chembe ya mchanga ikibaki unaisikia, unasimama, unamwagia tena. Kitambaa kingeiburuza tu kimya kimya.

Wadudu usiwakwangue. Mdudu aliyekauka ni ukoko wa ugali kwenye sufuria, unaloweka na sio unapigana nao. Chukua taulo safi la pamba, lilowanishe maji ya uvuguvugu ya sabuni, lilaze juu ya kioo uende ukanywe chai, ukirudi wengi watakuwa wamelegea wanatoka na kiganja. Asiyetoka mlowekee tena. Wala kucha, wala wembe, wala ile sponji yenye upande wa kijani.

Halafu suuza mpaka sabuni iishe, na kausha kwa kugandamiza kitambaa laini chenye unyevu kidogo, au ile ngozi laini ya kukaushia magari ukiwa nayo na iwe haijawahi kugusa rimu za mtu. Usisugue kwa kitambaa kikavu kioo kikishakauka. Ukisugua akriliki kavu unaitia umeme tuli, na ikishapata umeme inavuta vumbi lote la kiwanja, utaona saa hiyo hiyo pamerudi ukungu mwekundu na wewe utadhani hujaosha.

Sasa hizo dawa za washauri wako. Ile ya bluu nyingi zina amonia au alkoholi, rudisha kwa mwenyewe. Petroli marufuku. Kitabu cha Cessna kinataja kabisa kwa majina vitu vya kutoweka kwenye vioo, humo kuna petroli, alkoholi, asetoni, tina ya rangi, dawa ya kusafishia vioo, mpaka maji ya mtungi wa kuzimia moto. Gazeti na tishu ni karatasi, karatasi ni nyuzi za miti, kwenye kioo cha mama ntilie sawa, huku zinachora. Na yale mafuta ya mlangoni kama sabuni haikuyatoa muachie fundi wa hiyo ndege, kuna kiyeyushi ambacho kitabu kinaruhusu ila hakifai kufundishwa kwa simu.

Vile vijistari nitarudi, naitwa.

Bajaji wa Mafiat:

Fundi heshima yako, ila hujanijibu. Taa ya gari ni plastiki na inapigwa msasa inakuwa safi. Kwanini ya ndege isipigwe? Nataka kuelewa sio ubishi.

Mwl wa Kemia Tukuyu:

Bajaji swali lako ni zuri. Plastiki ni nyingi na hizo mbili ni ndugu wa mbali. Taa za magari ya siku hizi ni polikaboneti, ngumu kuvunjika lakini jua linaigeuza njano, ndio maana kiwandani wanaipaka koti jembamba la kuizuia jua. Ikishakuwa njano maana yake koti limekufa. Wewe unapopiga msasa na dawa ya meno unaondoa lile koti lililokufa pamoja na ngozi ya juu, inang'aa kweli, ila umeiacha uchi, ndio maana mteja anarudi baada ya muda taa imekuwa njano tena na wewe unalipwa mara ya pili (sisemi ni makusudi).

Akriliki ya ndege haina shida sana na kugeuka njano. Shida yake ni viyeyushi. Molekuli zake ni minyororo mirefu iliyosongamana, na kipande cha kwenye ndege kimekunjwa, kimebanwa kwenye fremu, kimepitishwa skrubu, kwahiyo sehemu zingine za minyororo hiyo zinavutwa muda wote. Ukipaka spirit au tina au petroli inapenya katikati ya minyororo na kuilegeza, na pale palipokuwa panavutwa panaachia, unapata vinyufa vidogo vidogo vingi. Wala havihitaji kutokea siku hiyo hiyo. Mtu anapaka Jumatatu anaona kioo kimetakata, anasifiwa, vinyufa vinakuja kujitokeza baadaye anasingiziwa mwingine. Ndio maana kijana vya kwako viko kwenye kingo na kwenye skrubu, hapo ndipo plastiki inapobanwa zaidi. Umri na jua navyo vinachangia, na huko kwenu juu mionzi ya jua ni mikali kuliko Dar hata kukiwa na baridi.

Nichomekee kidogo maana plastiki hii naipenda. Wajerumani walisajili jina Plexiglas mwaka 1933, na vita ya pili ya dunia ilipokuja Waingereza wakafunika marubani wao kwa Perspex. Ndege zikipigwa risasi vipande vinaingia machoni mwa marubani. Daktari wa macho Harold Ridley akaona kwamba vile vipande vinakaa ndani ya jicho na jicho halivikatai, akawaza, akatengenezesha lenzi ya plastiki hiyo, na mwaka 1949 pale London akaiweka kwenye jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Bibi zetu wanaofanyiwa upasuaji na kuwekewa lenzi leo mambo yao yalianzia kwenye kioo cha ndege.

Mnyalukolo Halisi:

Mwalimu wewe ungenifundisha mimi nisingeikimbia kemia. Kigoda changu bado kipo.

Kijana wa Mufindi:

Nashukuru sana fundi, na mwalimu ndaga fijo. Kwahiyo vile vistari sio uchafu na sio mimi, nimepumua.

Maswali yangu madogo madogo. Kitambaa laini ndo kipi hasa kwa huku? Mafinga hatuna maduka ya vitu vya ndege. Na asubuhi huku ni ukungu na umande, ndege inaamka imelowa chepechepe, rubani akija na haraka zake anafuta kwa mkono wa koti afu anawasha. Nimwache? Na mwezi wa sita na wa saba kuna siku umande unaganda barafu kabisa.

Rubani wa Nduli:

Nimecheka hapo kwa mkono wa koti, kuna wenzangu wanafanya hivyo kila siku. Mwambie dada mmoja rubani wa Iringa kakataza. Umande umelala juu ya vumbi, ukifuta kwa koti umechanganya tope na kulisugua kwenye plastiki, na koti lina zipu mkononi. Umande unamwagiwa maji safi, vumbi linaondoka na maji, basi. Barafu ndo kabisa usikwangue na kitambulisho wala kadi ya benki, na usimwagie maji ya moto, plastiki baridi ikipata moto wa ghafla inaweza kupasuka. Iburute ndege ielekee jua au subiri jua lipande, abiria watavumilia. Barafu ya kwenye mabawa ni habari nyingine na ni kubwa kuliko ya kioo, hairukwi nayo, ila hiyo ni kazi ya rubani.

Niwaambie kwanini sisi tunakuwa wakali kuhusu mikwaruzo maana watu wa chini wanadhani ni maringo. Ukiwa juu saa nne asubuhi jua liko nyuma yako huoni mkwaruzo hata mmoja, kioo kinaonekana kipya. Njoo sasa saa kumi na moja jioni unatua kuelekea magharibi, jua liko usoni kabisa, kila mkwaruzo unawaka. Kama mtu aliosha kwa kuzungusha mkono duara duara unaona miduara ya mwanga imelizunguka jua, popote ukigeuza macho ipo, na nyuma yake kuna njia ya kutua, kuna ndege wa manyoya, kuna ng'ombe wa kijana wetu hapa. Kwahiyo mkono uende mstari mmoja, juu chini juu chini, usizungushe. Mkwaruzo wa mstari unawaka kwa pembe fulani tu, wa duara unawaka kwa pembe zote.

Kitambaa: nenda mnadani kwenye mitumba chagua tisheti nyeupe ya pamba tupu, nzee iliyofuliwa sana, isiyo na maandishi ya mpira kifuani. Kata mishono yote, pindo na kola tupa. Fua bila ile dawa ya kulainisha nguo maana inaacha utando. Ikikauka weka kwenye mfuko wa nailoni ufunge, isilale kwenye sakafu ya stoo. Ikidondoka chini hata mara moja inahamia kwenye kufuta matairi, hairudi kwenye vioo, hapo usinibishie.

Ndani: usipulize kitu chochote kuelekea dashibodi, lowanisha kitambaa kidogo afu ufute. Na kama hiyo 206 ina zile skrini za kisasa usiziguse kabisa, zina koti lake la kuzuia mng'ao, atafuta mwenyewe na maji ya miwani. Hata miwani yenyewe ya jua ina mambo yake, ile ya polaroidi ukiivaa na kuangalia kupitia akriliki unaona rangi rangi za upinde wa mvua kwenye kioo, ndo ile mivutano anayoisema mwalimu inajionesha. Mi nimeiacha nyumbani.

Na mkishamaliza, dawa ya kung'arisha fanicha ile ya kopo la kupuliza, kidogo tu, maji ya mvua yanateleza yenyewe. Marubani wengi duniani wanatumia.

Fundi wa Hanga:

Nimerudi. Dada rubani yote sawa ila hapo kwenye fanicha tugombane kidogo. Najua wanatumia, na wengine wametumia miaka bila shida, lakini kopo la dukani huwezi kujua kiwanda kimebadilisha nini ndani yake, leo iko hivi kesho wameongeza kiyeyushi na hawakupi taarifa. Kuna za akriliki ya ndege zenyewe, Plexus, Prist, 210 Plus, zinaagizwa, bei yake imechangamka kweli lakini kopo linakaa muda mrefu maana unatumia kidogo. Kijana wewe usinunue yoyote. Mwambie rubani alete anayotaka yeye itumike kwenye ndege yake, na isome kwenye kopo imeandikwa kwa ajili ya akriliki. Ikija na nta nyembamba ya vioo nzuri zaidi, inajaza vile vikwaruzo vidogo.

Rubani wa Nduli:

Haya fundi umeshinda, ila kopo langu silitupi 😄

Fundi wa Hanga:

Najua hutupi.

Kuhusu vile vijistari, mwalimu kamaliza. Vya juu juu kwenye kingo tunaviangalia tu visisogee, vikiingia kwenye eneo la kuonea au ukivisikia kwa kucha basi ni habari nyingine. Kijana usivipolishi. Chukua simu, piga picha jua likiwa chini kama ulivyosema mwenyewe, mtumie rubani KABLA hujaosha hata mara moja, na picha ina tarehe. Hapo umejikinga na umemsaidia, atampa fundi wake aamue.

Na mikwaruzo kutolewa inatolewa Bajaji, kuna misasa maalum laini mno inaanzia namba 1500 inaenda mpaka 12000, kwa maji, hatua kwa hatua, mkono unabadilisha mwelekeo kila hatua. Tatizo ukikazania sehemu moja unachimba bonde usiloliona, mwanga unapinda pale, rubani anaangalia njia inacheza cheza. Kwahiyo inafanywa na fundi, kwa vipimo vya kitabu, na kioo kikikonda kuliko kinavyoruhusiwa kinabadilishwa. Dawa ya meno haimo.

Kijana wa Usangu:

Naomba kuongeza la kwetu. Nimewahi kusaidia ndege za kunyunyizia kweleakwelea kwenye mpunga huku Mbarali, zile zinarudi kioo chote kina utando wa dawa. Ile usiguse na mkono mtupu kama fundi alivyosema, hiyo ni sumu, glovu ndefu za mpira na unamwagia maji mengi ukiwa umekaa upande upepo unakotokea. Na inaoshwa siku hiyo hiyo, dawa yenyewe ina viyeyushi ndani, ikilala kwenye plastiki mnaamka na ukungu usiotoka. Najua yako ni ya abiria ila ipo siku itapaki ya dawa hapo usije ukaona ni vioo vile vile.

Lingine turubai. Tulikuwa tunaifunika ndege kwa turubai gumu la lori ili vumbi lisipande, upepo wa Usangu ukianza usiku turubai linacheza juu ya kioo mpaka asubuhi, na chini yake vumbi limeshaingia. Fundi akaja akakataza.

Kijana wa Mufindi:

Duh hilo la turubai limenikuta njiani maana nilikuwa nimeshaongea na jamaa wa stoo anipe moja.

Picha nimepiga na nimemtumia rubani, kajibu vistari anavijua fundi wake alishaviandika, ila kasema vizuri nimeuliza. Na kakubali kuleta kopo lake. Kesho asubuhi naosha. Kuna kitu kingine cha kuogopa kwenye maji?

Fundi wa Hanga:

Turubai hapana, kitabu chenyewe kinasema usifunike kwa turubai labda kama unategemea mvua ya barafu. Kuna vifuniko laini vilivyoshonwa kwa ajili ya kila aina ya ndege, ndani flana, mwenye ndege akitaka atanunua, na hata hivyo kabla ya kuvaa kioo kioshwe, vinginevyo umefungia mchanga ndani.

Cha kuogopa kipo na hicho kisikie vizuri. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo sana vya kupima hewa, na chini ya bawa kuna kile kibomba kinachoelekea mbele. Humo ndimo rubani anapata mwinuko na mwendo wake. Usielekeze maji humo, usipulize kwa mdomo, usichokonoe. Na kama mtu atakwambia uzibe kwa utepe wa gundi (selotepu) wakati wa kuosha, jibu ni hapana mpaka rubani mwenyewe awepo, azibe mwenyewe na kile kifuniko chenye utepe mwekundu, na azibue mwenyewe. Tarehe 2 Oktoba 1996 kule Peru ndege ya Aeroperú, Boeing 757, iliruka usiku ikiwa vitundu vyake vimebaki na utepe wa gundi uliobandikwa na waliokuwa wanaiosha, marubani wakawa hawajui wako juu kiasi gani wala wanaenda kasi gani, wakaangukia baharini, watu 70 wote. Ndege ilikuwa nzima kabisa. Kwahiyo ukimaliza kuosha mwambie rubani kwa mdomo "nimeosha, angalia vitundu", usitegemee ataona.

Osha asubuhi mapema au chini ya kivuli, jua la saa sita linakausha sabuni kabla hujaisuuza na kinabaki na mabaka.

Rubani wa Nduli:

Hapo kwenye vitundu naunga mkono kwa miguu yote. Mi nikiikuta ndege inang'aa ndo naikagua mara mbili.

Mnyalukolo Halisi:

Kumbe kuosha ndege ni shule nzima. Dogo mwambie aongeze kile kitu kidogo.

Kijana wa Mufindi:

😂😂 hilo nitalipeleka likiwa la moto moto.

Bajaji wa Mafiat:

Basi nimekubali yaishe. Ila fundi la mwisho kabla hujaondoka, hiki kioo cha helmeti ya bodaboda, vijana wangu wanakifuta na petroli ile inayobaki kwenye mpira, na kweli usiku wanalalamika taa za malori ya Tunduma zinawapofusha wanaona nyota nyota. Ndo hii hii?

Fundi wa Hanga:

Ndo hiyo hiyo, vingi ni polikaboneti na petroli inaila vile vile, na mikwaruzo ndo inayowaonesha hizo nyota. Waloweke wadudu kwa maji ya sabuni, wafute na pamba yenye unyevu. Kikishakuwa na ukungu wanunue kioo kingine, huwa kinauzwa peke yake bila helmeti, wasije wakakuletea umalizie na dawa ya meno.